Usiyakimbie maziwa yote

Shoga yangu mpenzi,

Hujambo? Sisi wazima. Barua yako nimeipata, na pole kwa tumbo, ingawa pale uliposema linanguruma hadi mkutanoni nilicheka peke yangu.

Kwanza, anayekuambia una mzio wa maziwa mwambie si hivyo. Mzio ni kinga ya mwili kupambana na protini ya maziwa, na unaweza kumuua mtu. Letu sisi ni sukari yake tu, laktosi. Utumbo mwembamba ukipungukiwa na laktesi, kimeng'enya cha kuivunja, sukari hiyo hupita nzima hadi utumbo mpana. Bakteria wa huko wanaichachusha, gesi inajaa, maji yanavutiwa ndani, na kabla saa mbili hazijaisha unaulizia choo kiko wapi. Zaidi ya nusu ya watu wazima duniani wana laktesi pungufu, kwa hiyo usijione wa ajabu.

Ila huko kuapa kwamba hutagusa tena chochote chenye maziwa, sikubaliani nako. Wengi wetu tunahimili hadi gramu 12 za laktosi kwa mara moja, karibu kikombe kimoja cha maziwa, hasa pamoja na chakula. Mimi kikombe asubuhi na njaa zangu, hapana. Nusu kikombe baada ya kushiba, wala tumbo halishtuki. Anza na kidogo, ongeza polepole, utakijua kipimo chako. Mtindi jaribu, maana bakteria wake husaidia kuivunja laktosi. Jibini ngumu iliyokaa miezi mingi karibu haina kabisa.

Kinachonitia wasiwasi kwako ni mifupa. Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 1,000 za kalisi, madini ya mifupa yaliyomo kwenye maziwa, kwa siku. Kula samaki wadogo wanaotafunwa na mifupa yao, na mboga kama sukuma wiki. Spinachi usiitegemee kwa hilo. Kalisi anayo, ila mwili huambulia kidogo. Ukinunua maziwa ya soya, tafuta yaliyoongezwa kalisi, na utikise pakiti vizuri kabla ya kumimina, kwani madini hutuama chini.

Biskuti na supu za pakiti soma maandishi yake, unga wa maziwa hujificha humo.

Na ukiona damu chooni, au unakonda bila sababu, hiyo si laktosi, shoga. Nenda hospitali. Ukiwa huko waulizie pia kipimo cha pumzi, kile cha kuonyesha kama laktosi haivunjwi tumboni, tujue moja.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi shoga yako.