Mtoto si tiketi ya kuruka foleni

Ndugu Mhariri,

Kila sikukuu, iwe Idi, Pasaka au Krismasi, viwanja vya michezo na fukwe za Mwanza hufurika kuanzia saa nane mchana, na ugomvi ni ule ule. Wenye watoto wanasema wasio na watoto hawana huruma. Wasio na watoto wanasema wenzao wamemgeuza mtoto kuwa kibali cha kupita popote. Wote wana hoja, na wote wanazidisha chumvi. Sisi tunaosimama getini kupokea tiketi tuna msimamo mmoja: kuja na mtoto hakumpi mtu zamu ya mbele, na kuja bila mtoto hakumwondolei mtu wajibu kwa mtoto aliye mbele yake.

Tuanze na foleni, maana ndiko moto unakowaka. Baba anasimama peke yake, nusu saa nzima. Akibakiza hatua tatu afike getini, wanatokea mama, shangazi, binamu na watoto saba, kila mmoja na soda yake. Aliyekuwa nyuma yake akijua zamu ijayo ni yake, ghafla ana watu kumi na mmoja mbele. Huyo akipandisha sauti, tusimwite mkorofi.

Kanuni tunayoifuata ni nyepesi: aliyetoka kwenye foleni anaweza kurudi, ambaye hakuwemo haingii katikati. Mtoto akibanwa na haja, mzazi mmoja atoke naye, na kabla ya kuondoka amwambie aliye nyuma yake, "Kaka, nampeleka mtoto chooni, narudi hapa hapa." Akirudi apite pembeni, si kwa kupasua watu, aseme amerudi na ashukuru. Hakuna anayekataa hilo. Familia ambayo haijatimia ikusanyike nje, kisha wote waingie mwisho wa foleni kwa pamoja. Ikiwa mmoja tayari yumo na wenzake kumi wako nje, yeye ndiye awafuate, si wao wamfuate yeye. Na choo kitangulie foleni, juisi ifuate baadaye. Wengi hufanya kinyume, halafu wanashangaa.

Zipo familia zenye sababu ya kweli. Mtoto mchanga hawezi kupanda mashine za michezo, na baba na mama wote wanataka kupanda. Kule Florida, Marekani, wenye viwanja vya michezo vya Walt Disney World wana utaratibu wa kubadilishana: familia inamweleza mhudumu mapema, mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, kisha wanapokezana bila yule wa pili kupanga foleni upya. Hapa kwetu jambo hilo halihitaji mtambo wowote. Kadi ndogo yenye muhuri wa siku hiyo inatosha, itolewe mwanzo wa foleni, itumike mara moja, na ikishatumika mhudumu aichane. Aliye nyuma akimwona mama anapita na kadi, asisonye. Zamu ya mama huyo imeshasimamiwa na mumewe.

Kipimo cha urefu ni chanzo kingine cha maneno. Mzazi anafika getini, mtoto anapimwa, hafikii alama, na mjadala unaanza: "Huyu ana miaka tisa!" Miaka haisaidii. Nondo inayoshika mapaja au kiuno imetengenezwa kwa mwili wa ukubwa fulani, na mtoto mfupi huchomoka chini yake mashine ikigeuka. Space Mountain, treni ya kasi ya hao hao Disney wa Florida, haimpandishi aliye chini ya sentimita 112, hata awe mtoto wa nani. Mpime mtoto wako kabla hujapanga foleni, bila kofia, visigino vikiwa chini. Na wewe uliye nyuma, mtoto akilia kwa kukataliwa, mpe mzazi wake dakika ya kumbembeleza. Kulia si utovu wa adabu.

Kwenye lile puto kubwa la kurukia, adabu na usalama ni kitu kimoja. Kijana wa kilo sitini akitua, sakafu inazama kwake na kufyatuka chini ya mtoto wa miaka mitatu aliye pembeni. Mtoto anarushwa bila kuruka, anatua kwa mkono au kwa shingo, au yule mkubwa anamwangukia. Ndiyo sababu tunaingiza kwa ukubwa, si kwa ukoo: wadogo dakika kumi, watoke, ndipo wakubwa. Mzazi anayesisitiza "dada yake atamshika" anarudisha hatari ile ile tuliyoikwepa, na mzazi mwenyewe haingii "kumshika tu", anasimama mlangoni. Viatu, mkanda, pini za nywele, funguo na pipi ya mdomoni vinabaki nje. Umeme ukikatika, mashine ya upepo inazima na kuta zinaanza kulala. Hapo mtu mzima yeyote aliye karibu, ana mtoto au hana, anyanyue kitambaa cha mlangoni na awaite watoto watoke, lakini asiingie. Uzito wake ndio utakaoziba njia. Tena mchana ziwa hupeleka upepo nchi kavu. Uingereza puto halitumiki upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa. Mhudumu akiwatoa watoto kwa sababu ya upepo, dai tiketi ya baadaye, usidai dakika zako wakati kamba zinavutika.

Sasa upande wa pili. Mtu mzima aliyelipa tiketi yake ya gurudumu kubwa au ya treni ana haki ya kupanda, na hahitaji kuazima mtoto wa jirani ili aonekane ana sababu ya kuwepo. "Wewe mtu mzima unatafuta nini huku?" ni kauli ya kihuni hata ikitoka kwa mama mwenye mapacha. Lakini bembea ndogo za watoto ni za watoto. Vijana hukaa pale wakipiga picha robo saa, minyororo ikilia, na watoto wanne wamesimama wakiwatazama. Ukimwona mtoto amesimama, shuka. Sigara na matusi ya utani vikae mbali na foleni, na picha yenye sura ya mtoto wa mwenzio huipigi bila kumwomba mzazi wake.

Kuna suala la mabega, nalo linaonekana vizuri zaidi kwenye ngoma kuliko kwenye mashine. Nenda Bujora, Kisesa, mwezi Juni wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma, vikundi vya Bagika na Bagalu vinaposhindana. Watu wanafanya duara. Ngoma inapamba moto, nyoka anatolewa, na papo hapo akina baba kumi wanawapandisha watoto mabegani kwa mpigo. Aliyewahi tangu asubuhi sasa anatazama mgongo wa suruali ya mtoto. Anayetaka kumbeba mtoto ambebe kabla ngoma haijaanza, akiwa mstari wa nyuma au pembeni, ili watu wajipange wakijua. Njia bora zaidi ni kuwaketisha watoto chini mbele, na watu wazima wakubali kuwapitisha. Ila anapita mtoto peke yake. Mzazi habebwi na mtoto wake mpaka mstari wa kwanza. Anabaki mahali anapomwona, na mtoto anaonyeshwa mapema mzazi amesimama wapi. Simu au kishikwambi kinachoinuliwa juu ya kichwa muda wote kinaziba kuliko mtoto yeyote, na hicho hakina hata kisingizio cha ufupi.

Kwenye boti ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, safari ni fupi, na ufupi huo ndio unaowafanya watu wapuuze. Jaketi okozi ndogo ni za watoto, si mito ya kukalia. Kuna njia ya kujua kama inamfaa mtoto: ifunge vifungo vyote, ishike mabegani, ivute juu. Ikipanda mpaka masikioni ni kubwa, na majini itamvuka. Wasio na watoto wasubiri watoto wavalishwe ndipo wapande, na mkiwa njiani mtu asisimame kukimbilia upande mmoja kupiga picha.

Kumkanya mtoto wa mwenzio bado kunaruhusiwa kwetu, wala tusiache. Tumia mdomo, mkono ubaki kwako: "Mwanangu, rudi nyuma, zamu yako bado." Mzazi akisikia aseme samahani na amwite mtoto wake. Kuuliza "kakufanya nini?" kunamfundisha mtoto kwamba aliyekosea ni yule aliyesema.

La mwisho ni mtoto aliyepotea, na hapa watu wazuri hukwama. Mwanamume aliye peke yake anamwona mtoto analia, anaogopa kumkaribia asije akaitwa mwizi wa watoto, anapita. Usipite. Simama hapo hapo, chuchumaa uwe kimo chake, mwite mtu mwingine, hasa mama mwenye watoto wake, muwe wawili. Usimbebe, usimnunulie kitu, usimtoe eneo lile isipokuwa kwenda kwa mhudumu, na muende wote wawili. Kwenye kipaza sauti itangazwe tu kwamba kuna mtoto amepatikana. Jina lake na rangi ya nguo zake zisitajwe. Anayekuja kumchukua ndiye aulizwe hayo. Wazazi nao wampige mtoto picha asubuhi akiwa na nguo za siku hiyo, wamwandikie namba ya simu mkononi kwa kalamu isiyofutika haraka, na wamwonyeshe mahali pa kukutania pasipohama. Gari la aiskrimu huondoka. Mwanza hatujakosa mawe makubwa.

Kwa wenye viwanja tuna ombi la vitu vitatu kabla ya sikukuu ijayo: mti wa kupimia urefu uchomekwe mwanzo wa foleni badala ya getini, kadi za kubadilishana zichapwe, na mhudumu mmoja awekwe katikati ya foleni, kwa sababu aliye getini hawezi kuona nani ameingilia hatua ishirini nyuma.

Wasimamizi wa michezo ya watoto,
Ilemela, Mwanza