Dirishani hadi Somanga

Shangani, Mtwara
8 Oktoba 2024

Kwa shoga yangu Somoe,

Assalaam aleykum. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu, na bibi ameniagiza niandike salamu zake kabla ya za mtu mwingine yeyote, basi zipokee. Barua yako nimeisoma mara tatu: mara ya kwanza nimesimama mlangoni, ya pili usiku, ya tatu leo alfajiri, ndipo nikatafuta karatasi.

Jumatatu ijayo unatimiza miaka 18. Nchi nzima itakuwa mapumziko kwa kumbukumbu ya Baba wa Taifa. Unakumbuka ulivyokuwa ukituambia kwamba shule inafungwa tarehe 14 kwa ajili yako? Tulikuamini mpaka darasa la tatu.

Umeniandikia kwamba huoni cha kusherehekea, kwa kuwa ukubwa tulishapewa siku tulipotolewa unyagoni. Nimelifikiria sana neno hilo. Sijaisahau siku ile: kanga mpya, mafuta yanang'aa mikononi, tumekaa mkekani macho chini, vigelegele vinatoka kila upande, na wewe pembeni yangu unanifinya kidole ili nisicheke. Yale ya ndani hayaandikwi kwenye karatasi, wewe unayajua nami nayajua. Lakini kumbuka kilichofuata. Ngomani tulikuwa watu wazima, dukani tukabaki watoto. Laini yako ya simu mpaka leo ina jina la mjomba, na ilipopotea mwaka jana ulikaa wiki nzima ukimngoja arudi kutoka Nachingwea aje kuweka kidole. Mimi nilipotimiza 18 mwezi wa tatu nilikwenda kujiandikisha NIDA, wanaotoa vitambulisho vya taifa, na namba ilipotoka nikasajili laini kwa kidole changu mwenyewe. Wa kwanza kumpigia ulikuwa wewe. Uliniuliza mbona nalia, nikashindwa kukujibu. Jibu lenyewe ndilo hili: jina langu lilikuwa limesimama peke yake kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo sherehekea, tafadhali. Pika ubwabwa, waite wenzako wa chuo. Na kuna jambo jingine. Ijumaa hii tarehe 11 wanaanza kuandikisha wapiga kura wa serikali za mitaa, hadi tarehe 20, na siku yako imeangukia katikati yake. Jumanne asubuhi, kabla ya darasani, pita ujiandikishe, ili tarehe 27 Novemba na wewe umchague mwenyekiti wa mtaa wako.

Sasa tuje kwenye Dar, maana wewe umelipa deni lako la hadithi, langu bado.

Sikuwa najua kabisa habari ya baba mdogo wako na mwendokasi. Miaka yote hii, Somoe, hukuwahi kuniambia! Nimekuona kama vile nilikuwepo: Desemba 2016, mabasi yale hayajatimiza hata mwaka barabarani, wewe una miaka kumi, umetoka Kimara hadi Kivukoni unaangalia milango inavyofunguka bila mtu kuigusa. Mlipofika mwisho ukang'ang'ania chuma, hutaki kushuka. Naye hakukugombeza. Akakata tiketi nyingine, 650 yake ya mtu mzima na yako ya mtoto, mkarudi hadi Kimara, kisha mkaenda tena Kivukoni kama watu wenye shughuli. Fundi mwashi, siku yake moja ya kupumzika katika wiki, akaitumia hivyo. Umesema hukuwa unasimulia kwa sababu mwaka uliofuata alifariki. Mungu amrehemu. Nimefurahi umenipa mimi hadithi hii, na nitaitunza.

Yangu ni ya mwaka uliofuata, 2017. Unaukumbuka msimu ule, kilo ya korosho mnadani ilikaribia shilingi 4,000, na hapa mjini hata bodaboda walikuwa wanatabasamu. Babu aliuza za mikorosho yake ya Nanguruwe, pesa ilipoingia akamwita mama akampa fungu lake. Mama hakununua kitanda, hakununua bati. Alisema anakwenda Kariakoo kuchukua cherehani, kwa sababu alikuwa amechoka kushona kwa cherehani ya kukodi kwenye kibaraza cha watu, na mimi nitakwenda naye kumsaidia kubeba.

Tuliondoka kabla ya adhana ya alfajiri. Nilipewa dirishani. Mikindani nikaiona maji yametulia, Mnazi Mmoja tukanunua mayai ya kuchemsha, halafu nikalala, na hili najuta hadi leo, sijui Mbwemkuru wala Nangurukuru. Niliamka Somanga kwa harufu ya samaki wa kukaanga. Mama alininunulia kipande kikubwa chenye ndimu na pilipili, nikala nimesimama vumbini, na sijawahi kula samaki mtamu kama yule, ingawa nimezaliwa pwani.

Daraja la Mkapa ndilo lililonikalisha wima. Lina karibu kilomita nzima, na Rufiji chini pana, ya rangi ya udongo. Mzee mmoja kiti cha nyuma alianza kusimulia, hakumwelekea mtu yeyote, jinsi kabla ya mwaka 2003 walivyokuwa wakivuka kwa pantoni pale Ndundu, na masika magari yakilala kwenye tope siku kwa siku, watu wanapika kando ya barabara, wengine wanaona afadhali meli. Basi zima lilinyamaza kumsikiliza. Nilitamani tusimame nishuke nilitembee lile daraja kwa miguu.

Tulifikia Mbagala kwa shangazi. Usiku ule nilikaa nje nikitazama taa zisizo na mwisho, mama akaniambia kwamba bomba la gesi limetoka kwetu Madimba mpaka Kinyerezi, kwa hiyo sehemu ya mwanga ule imetoka nyumbani. Sijui kwa nini neno lile lilinipa moyo, lakini asubuhi niliingia Kariakoo bila woga.

Kariakoo yenyewe huwezi kuieleza. Soko lilikuwa bado halijaungua, lile la paa kama miavuli iliyopinduliwa juu chini. Mtaa wa Kongo haukanyagiki, unasukumwa tu unaenda. Mama alipata cherehani aliyoitaka, ya miguu, kichwa cheusi chenye maua ya dhahabu. Alipolipa, akabaki anakitazama kile kichwa na zile chuma za miguu, hajui tutazifikishaje kwenye daladala. Akaniambia kwa Kimakonde nishike upande ule. Palepale kijana mmoja aliyekuwa anauza mikanda ya suruali, mikanda yote iko begani, akageuka akatujibu kwa Kimakonde. Ni mtu wa Newala, ana miaka minne hajarudi. Wanasema jina la machinga, hawa wachuuzi wa mitaani, limetokana na Wamachinga wa huko kwenu Lindi, na siku ile niliamini.

Alifunga kichwa ndani ya gunia, akakaza kamba kama anavyokaza mtu gunia la korosho la kupeleka ghalani, akakibeba hadi kituoni. Mama akatoa pesa. Akakataa. Akauliza kitu kimoja tu, habari ya matunda ya mikorosho: "Mama, mabibo yameisha?"

Mama akamwambia yaliyobaki ni ya mwisho mwisho. Kijana akatikisa kichwa, akameza mate, akasema pale mjini anapata kila kitu isipokuwa bibo. Nawe unajua, bibo halisafiri. Likidondoka leo, kesho limechacha. Mama akampa korosho zote za kukaanga tulizokuwa nazo kwenye mkoba. Alizipokea kwa mikono miwili. Kila septemba mabibo yanapoanza kuiva namkumbuka, na jina lake hatukuuliza.

Nimerudia safari hii kichwani mara nyingi, na yako sasa naiweka pamoja nayo. Zote mbili tulipelekwa. Wewe na baba mdogo, mimi na mama. Kama wasingetaka, tusingeona kitu. Ndiyo maana sijakata tamaa na mpango wetu wa kwenda Dar pamoja. Ile Mei tuliyokuwa tumepanga, kimbunga Hidaya kikaja na mvua zake, barabara ikakatika Somanga, wenye haraka wakazungukia Songea. Na wewe ulikuwa bado una 17, ungeombewa ruhusa. Desemba hii huombewi. Tiketi yako itaandikwa jina lako, na utaikata mwenyewe.

Kifurushi chako nimemkabidhi konda wa costa ya saa moja asubuhi ya Jumamosi. Mngoje stendi kuanzia saa tatu, mwenye kofia ya kijani. Ndani kuna korosho, na kuna gauni. Nimelishona mwenyewe kwa cherehani ileile, mama hakugusa hata uzi. Kiuno nimekadiria kwa lile la Idi, kama linabana kuna akiba ya kitambaa ndani, usikate, legeza tu mshono. Kwenye mfuko wa pembeni nimeweka nusu ya kibubu changu. Ni ya nauli, usinunulie keki.

Nijibu upesi kuhusu tarehe. Tukishuka Mbagala nataka unipeleke Kimara kwanza, tupande hadi Kivukoni, na tukifika mwisho tusishuke. Dirishani utakaa wewe kutoka Lindi hadi Somanga, kisha tubadilishane, kwa sababu daraja nataka kuliona mimi.

Wako akupendaye,
Hadija