Mwezi ulikuwa ishirini na tano

Suwaiq, Batinah, Oman
Jumapili, Mei 19, 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Ama baada ya salamu, mimi huku sijambo. Kifua kimepona, ila joto ndiyo limeanza. Ikifika saa nne asubuhi baraza haikanyagiki bila ndara. Bibi wa hapa nyumbani ninapofanya kazi anakusalimu sana na anauliza pweza mkavu mwingine atakuja lini, maana yule wa kwanza aliwanyima hata wajukuu zake.

Nimeandika kwa mkono nikapiga picha karatasi, kwa sababu kwenye simu unanikatiza, na nikituma ujumbe wa sauti Salumu anaufupisha: “Dada anasema uhame.” Salumu, soma yote, hata pale ninapokusema wewe.

Nimesikia paa la jiko limekwenda na kimbunga Hidaya, na mabati matatu mmeyaokota kwenye minazi ya jirani. Tumshukuru Mungu kwamba ni bati tu. Nimesikia pia mnataka kujenga palepale, tena muongeze chumba upande wa bahari. Na wewe ukasema neno ambalo limeninyima usingizi: “Kimbunga kimekuja, kimepita, maji hayakufika hata kizingitini. Nyumba ipo mahali pake.”

Mama, Hidaya alitua Mafia Jumamosi, Mei 4. Kwa mwezi ilikuwa 25 Mfunguo Mosi, yaani Shawwal. Wewe umezeekea mwambani, bamvua, kule kujaa na kutoka sana kwa bahari mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, unalijua kuliko mwalimu yeyote. Mwezi 25 ungetoka na mkuki wako kutafuta pweza? Usingetoka. Maji mafu yale, hayajai ya kujaa wala hayatoki ya kutoka. Dhoruba iliyakuta yamekaa chini, ikayapandisha, yakaishia pale yalipoishia. Mwezi ulikuwa unaandama Mei 8. Angechelewa siku nne au tano tu, angekuta bahari imeshajaa yenyewe hadi kwenye mti wa mkungu, na hapo ndipo angeanza kuongeza ya kwake. Kizingiti chako kimesalimishwa na mwezi, mama. Safari nyingine mwezi unaweza kuwa upande wa pili.

Najua utauliza upepo unapandishaje bahari. Hata mimi niliuliza. Kijana mkubwa wa Bibi ni mwalimu wa skuli, alinionyesha jikoni. Alichukua sinia, akatia maji vidole viwili, akanipa kipepeo cha mkaa, akasema pepea, usiache. Maji yakakimbilia ukingo wa pili yakajikusanya, na pale mwanzo sinia likabaki karibu kavu. Nilipoacha, yakarudi. Akasema, sasa fikiria unapepea siku nzima, na pwani yenyewe ni kina kifupi, maji hayana pa kushuka yarudi chini kwa chini. Halafu kuna jambo jingine: katikati ya kimbunga hewa huwa nyepesi, haiikandamizi bahari kama kawaida, basi bahari nayo inavimba kidogo. Ukijumlisha na mawimbi juu yake, ndiyo maana mtu analala pwani kavu na kuamka kitanda kinaelea.

Kitanda kinaelea nimekiona kwa macho yangu. Sikukusimulia yote wakati ule kwa sababu presha yako ilikuwa juu. Sasa nitakusimulia.

Kimbunga chenyewe kiliitwa Shaheen. Kilizaliwa Ghuba ya Bengal kikiitwa Gulab, kikaikata India nzima kikiwa kama kimekufa, kikatokea bahari ya huku kikafufuka na kupewa jina jipya, kama mtu aliyebadilisha pasipoti. Ilikuwa Jumapili, Oktoba 3, 2021. Serikali ilitoa mapumziko ya siku mbili, skuli zikafungwa, simu zote zinalia tahadhari. Watu wa hapa hawakuwa wajinga, mama. Ila walikuwa na hesabu kama yako. Walisema vimbunga vya Oman vinapiga Salalah kule kusini, au vinapita Ras al Hadd kule mashariki na Maskati kama Gonu wa 2007, ambaye aliua karibu watu hamsini. Batinah? Batinah ni ndani huku, bahari imebanwa na Iran ng'ambo, kimbunga kitafuata nini? Mara ya mwisho kilifika 1890. Nani alikuwepo 1890?

Basi kikaja kutua baina ya Musannah na hapa Suwaiq, jioni ya Jumapili ile.

Upepo ulikuwa na sauti ambayo sijui nikuelezeje. Haukuvuma, ulikuwa unasaga. Mlango wa chuma wa nje ukipigapiga mpaka ukanyamaza, na tulijua umenyamaza kwa sababu haupo tena. Mvua ilikuwa inakuja ya kulala, inaingia chini ya madirisha. Sisi wote macho baharini. Kijana ameweka viroba vya mchanga kwenye mlango wa mbele, Bibi anasoma Yasin, mimi nakunja mazulia.

Maji yakatujia mgongoni.

Batinah ni mchanga tambarare, mbele bahari, nyuma milima ya Hajar. Mvua iliyopiga milimani ilishuka kwa mito mikavu ya huku, wanaiita wadi, ikafika kwetu imebeba matope, mizizi na matairi. Khaburah, hapo jirani, zilipimwa milimita 369 za mvua kwa siku moja. Hii ni nchi ambayo sehemu nyingi mwaka mzima haifiki hata milimita 150. Na maji yale yalipotaka kuingia baharini yakakuta bahari imevimba, haipokei. Yakasimama. Ndani ya nyumba yalipanda kama nusu saa hivi, kutoka kifundo cha mguu mpaka kiunoni. Friji likalala ubavu, likaanza kuzunguka sebuleni polepole, na taa ya ndani bado inawaka, mpaka kijana akazima umeme. Gunia la mchele wa basmati lilipasuka kwa kuvimba. Bibi tulimbeba mimi na kijana, tukampandisha darini kwa ngazi ya nje, mvua inatupiga usoni kama kokoto. Juu tulikuta mbuzi wawili wa jirani. Mpaka leo hatujui walipandaje.

Asubuhi, mstari wa matope ukutani ulikuwa juu ya swichi ya taa. Umepakwa rangi mara mbili tangu siku ile, na ukija kiangazi unajitokeza tena. Bibi amekataa wasiupake mara ya tatu.

Oman nzima ilipoteza watu zaidi ya kumi, wengine kwa kuvuka maji kwa gari. Hilo la kuvuka halijaisha: juzijuzi, Aprili 14 mwaka huu, watoto wa skuli wamechukuliwa na wadi huko Samad al-Shan wakiwa ndani ya gari. Salumu, hapa usome kwa sauti kubwa. Nimeambiwa siku ya Hidaya ulivuka ule mfereji wa barabarani na pikipiki ya mtu, maji magotini. Maji ya magotini yanayokwenda hayana adabu na mtu. Ukirudia, huo mkopo wa pikipiki unaonililia usahau.

Lakini na la kheri nilisimulie. Ijumaa iliyofuata niliamka nikidhani kuna vita, barabara imejaa magari mpaka mwisho wa macho. Walikuwa watu kutoka mikoa yote ya Oman, wamekuja na majembe, ndoo, maji ya kunywa, vyungu vya wali. Hawakuuliza nyumba ya nani. Vijana saba nisiowajua walitoa matope kwenye chumba changu mimi, mtumishi, wakanikaushia hata sanduku lako la mninga. Mmoja aliposikia natoka Mafia akaanza kunisemesha Kiswahili cha Unguja, cha bibi yake. Nililia pale pale na jembe mkononi.

Na Bibi, kwa vile kazaliwa Unguja, ananiambia wewe na yeye mna ugonjwa mmoja: mnadhani bahari yetu ina mkataba na babu zenu. Alinisimulia kimbunga cha Aprili 15, 1872, wakati wa Sayyid Barghash. Kiliangusha theluthi mbili ya minazi na mikarafuu ya Unguja, kikazamisha merikebu za sultani bandarini. Pemba haikuguswa sana, na ndiyo sababu karafuu ikahamia Pemba na mpaka leo ipo Pemba. Hivyo kabla ya babu yako kuzaliwa kimeshapita. Na Kenneth wa 2019 je? Mtwara watu waliambiwa wahame, kikaenda kuwaangukia ndugu zetu wa Cabo Delgado, Msumbiji. Kilitua jirani tu.

Basi nasema hivi. Hela ya bati naituma mwisho wa mwezi, na ya saruji pia. Sitaituma kwa kile chumba cha upande wa bahari. Kijengwe kule juu kwa shangazi, kwenye kiwanja alichotuachia baba, kando ya mwembe. Najua si juu kivile, Mafia yetu haina milima, lakini hata kupanda kwa kimo cha mtu mmoja ni kitu. Jiko la chini libaki jiko, banda la dagaa libaki banda. Utashuka asubuhi kwenye kazi zako, utapanda jioni kulala. Kaburi la baba halitakwenda popote ukilala mwendo wa robo saa kutoka pale.

Fundi aniwekee linta, ule mkanda wa zege juu ya kuta, kuzunguka nyumba nzima, na nondo zichomoze zikunjwe juu ya mbao za kenchi. Wengi wanapiga msumari tu, upepo unanyanyua paa na kenchi zake kama mfuniko wa sufuria. Paa liwe la pande nne, na vipenu visitoke sana nje, maana upepo unaingia chini ya kipenu ndipo unapopata pa kushika. Bati liwe geji 28, ndiyo nene. Akikwambia 32 inatosha, mwambie azungumze na mimi.

Na kuku. Salumu ameniambia ukweli, usimgombeze. Mamlaka ya Hali ya Hewa imetangaza siku mbili kabla, boti zimezuiwa, mwenyekiti amepita na kipaza sauti, wewe umekaa kwa sababu kuku wana vifaranga. Mama, weka tenga kubwa moja la mnazi, liwe tayari daima, na siku wakitangaza mnaondoka nalo. Mchana. Usiku mnazi ukianguka huuoni. Pale jikoni weka madumu matatu ya maji safi yaliyofungwa, kwa sababu bahari ikiingia kisimani utakaa wiki kadhaa unakunywa chumvi. Visima vya pwani hapa tunavijua.

Ukisoma hapa najua umeshakunja uso. Sikulazimishi kwa maneno. Alhamisi hii, Mei 23, mwezi utakuwa kumi na tano, bamvua hilo. Maji yakijaa sana, Salumu achomeke kijiti pale yalipoishia, siku ya kawaida, hakuna upepo wala wingu. Ijumaa achomeke kingine, kama yamepanda zaidi. Kisha achukue ubao mrefu na chupa ya maji kama mafundi wanavyopima usawa, aniambie kutoka kwenye kijiti kile mpaka kizingiti chako ni kimo gani. Wewe simama hapo kando yake, uone mwenyewe.

Mimi swichi ya taa ya hapa nimeshaipima, ni sentimita 130 kutoka sakafuni. Nitumieni picha ya kijiti na wewe umesimama, nikuone pia kama umekonda.

Mwanao akupendaye,
dada yake Salumu