Mkifika Istanbul kabla yangu: pa kula na pa kupita

Istanbul, Uturuki

Mama, nashika miguu. Athman, hujambo mdogo wangu? Msomee Mama taratibu, kisha uikunje barua hii uitie ndani ya pasipoti, maana humu mna maneno ya kumwonyesha mhudumu kwa kidole. Nitakuwa kazini Bursa hadi siku yenu ya tano, na mtalala Laleli, kwenye maduka ya nguo za jumla. Malazi hayana neno. Neno ni tumbo, kwa sababu mtaa ule umejaa vyakula na vingi vilivyo mbele ya macho ndivyo vya kupita.

Kwetu Amu, yaani Lamu, hoteli moja ya barabara ya Usita wa Mui itakupa mahamri asubuhi, biriani mchana na viazi karai jioni. Hapa sivyo. Hapa kila chakula kina duka lake na saa yake. Wa supu ni wa supu, wa maharagwe ni wa maharagwe, na ukifika saa isiyo yake utauziwa masalio. Mkiona menyu ya picha, pitsa na kebabu na samaki na makaroni mahali pamoja, na kijana mlangoni anawavuta kwa Kiarabu mara kwa Kiingereza, mwambieni ahsante mwende zenu. Duka lenye wateja wake halina haja ya mtu wa kuita.

Saa yao ni sawa na ya Kenya, msiguse saa zenu. Herufi zao zatisha bure: ç isomeni ch, ş isomeni sh, c isomeni j. Basi çay ni chai, şeker ni sukari, pilav ni pilau, na hesap ni hesabu, ndilo neno la kuitia bili. Su ni maji, na maji ya kunywa ni ya kununua; ya mfereji wenyeji wengi hupikia na kuoshea tu. Chukueni chupa kubwa kwenye maduka ya BİM, A101 au ŞOK, hayakosi mtaani, wala msinunue vibandani karibu na misikiti ya watalii. Bei siziandiki humu. Lira yashuka na menyu zabandikwa upya, bei ya leo itawapoteza kesho. Lakini sheria yawataka waweke orodha ya bei mlangoni na mezani. Pasipo orodha, msikae.

Mama, chai ya maziwa isahau. Yao ni ya rangi, kwenye gilasi ndogo ya kiuno chembamba, na vipande viwili vya sukari kandoni. Hupikwa kwa birika mbili, moja juu ya mwenziwe: la juu lina majani mazito, la chini maji yanayochemka, na mwenye kumimina ndiye achanganyaye. Ikikushinda ukali sema "açık", atazidisha maji. Iliki na tangawizi hawatii, kwa hivyo beba masala yako ya chai kwenye kijichupa.

Kwa chai hiyo chukueni simit, mkate wa duara unaochovywa kwenye asali ya zabibu kisha kwenye ufuta. Huuzwa kwenye vigari vya vioo barabarani. Asubuhi walia mkononi ukiuvunja. Ule ule saa kumi jioni ni kutafuna kamba. Yapo na maduka ya supu, çorba, yanayofungua alfajiri na mengine hayafungi usiku kucha. Mercimek ni adesi nyekundu zilizopondwa, mkamue limau. İşkembe ni matumbo. Kelle paça ni kichwa na miguu, Athman utaipenda, lakini huja chapwa kwa makusudi: siki yenye thomu na pilipili ya unga viko mezani, kila mtu ajitilie. Mtasikia pia sifa za serpme kahvaltı, ile meza ya visahani vingi vya jibini, zeituni, asali na malai. Ni nzuri, ila huuzwa kwa kichwa, aghalabu kuanzia watu wawili, na hula asubuhi nzima. Wenye kwenda kuchagua nguo za jumla waagize menemen, mayai na nyanya na pilipili mboga kwenye kikaango chake, wamalize.

Shibe yenyewe ni ya mchana, na mahali pake ni esnaf lokantası, hoteli ya mafundi na wenye maduka. Laleli, Beyazıt na pembeni mwa lile Soko Kuu la kuezekwa hazikosi. Dalili yake ni kaunta yenye trei na sufuria zilizokaa juu ya maji ya moto, chakula kimeshaiva, wala hakuna picha ukutani. Ingieni saa sita kasorobo. Saa saba ni foleni, na ikipiga saa tisa mabiringani yameshakuwa uji na wali umefanya ngozi juu.

Msikae kwanza. Nendeni kaunta, mtazame, mwonyeshe. Sahani moja kamili ni porsiyon, na neno la kuwaokoa ni "az", yaani kidogo. Mkisema "az pilav, az fasulye" mwapata wali nusu na maharagwe nusu, na mwalipa nusu au zaidi kidogo kwa kila kimoja. Hivyo Mama aweza kuonja vitu vitatu bila kutupa. "Bir buçuk" ni moja na nusu, hilo la Athman. "Pilav üstü" ni mchuzi juu ya wali, na mkitaka vyombo mbalimbali msilitaje, maana wali wao ukilowa huwa mashendea. Wali wenyewe ni wa siagi, na vijitambi vilivyokaangwa vimechanganywa ndani, punje moja moja. Nazi hamtaiona kabisa. Karnıyarık ni biringani lililopasuliwa tumbo likatiwa nyama ya kusaga. Tas kebabı ni nyama iliyopikwa taratibu kwenye rojo. Jina lasema kebabu lakini mkaa haukuiona. Mkate mezani kwa kawaida hauna bei, mle mpendavyo. Ayran ni mtindi uliozimuliwa kwa maji na kutiwa chumvi. Chumvi, Athman, si sukari. Usiupige funda moja kama lassi.

Siku moja acheni Laleli mpande kilimani Süleymaniye, mwendo wa kama dakika 20 kwa mguu. Mkabala wa msikiti, ule wa fundi Sinan uliokamilika 1557, pana safu ya hoteli za maharagwe meupe, kuru fasulye. Hulowekwa usiku, kisha hupikwa kwa siagi na nyanya iliyokazwa, moto mdogo, hadi ngozi ilegee na punje isipasuke. Agizeni na wali nusu na sahani ya turşu, achari yao ya siki na chumvi, isiyo na embe wala haradali. Ijumaa nendeni kabla ya sala au mngoje, maana umma wote ukitoka huja pale pale. Mtaa wa chini yake, Vefa, lipo duka la boza la tangu 1876. Boza ni kinywaji kizito cha mawele kilichochachushwa, kwa mdalasini na dengu za kukaanga juu. Kwa kuchachuka huwa na kileo kidogo. Wenyeji wengi hawaoni neno, mimi ningeipita.

Mama ukitamani nyama ya kwetu ya shughuli, nendeni Kadınlar Pazarı, Fatih, chini ya lile daraja la mawe la Warumi lililokuwa likipitisha maji mjini. Ni soko la watu wa Siirt, mji wa kusini-mashariki mwa Uturuki. Büryan yao ni kondoo anayeningʼinizwa ndani ya shimo la moto, likafunikwa na kuzibwa, mafuta yakachuruzika chini na ngozi ikakauka juu. Hukatwa kwa shoka dogo na kuwekwa juu ya mkate wa moto. Huanza kuuzwa asubuhi, na mara nyingi alasiri imekwisha. Semeni "az yağlı" mkitaka isiyo na mafuta mengi. Pale pale pana perde pilavı, wali wa kuku na lozi na zabibu kavu uliovikwa unga na kuokwa kama kofia. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, chakula chao chakaribia cha Amu kuliko pengine pote.

Döner, nyama izungushwayo kwenye nguzo mbele ya moto, msiinunue kwa jina; tazameni nguzo yenyewe. Ya kweli, yaprak, mwaona nyama bapa bapa zimepandana kama kurasa, na mafuta yamepita katikati. Iliyo laini kama udongo wa mfinyanzi, rangi moja toka juu hadi chini, ni nyama ya kusaga. Mchana nguzo ni nene, na kisu chachukua pale moto ulipopitia tu. Usiku imekuwa fimbo, na nyama imerudiwa moto mara kadha. "Et" ni ya ngʼombe au kondoo, "tavuk" ni kuku, na bei huandikwa kwa gramu, aghalabu 100. Kebabu ya Adana ina pilipili, ya Urfa haina. Hiyo pilipili ya Adana kwa mtu wa Amu ni salamu tu, kwa hivyo chupa moja ya pilipili ya kwetu ifungeni vizuri kwenye begi kubwa.

Sasa samaki, maana najua ndiye mtakayemtafuta siku ya kwanza, na ndiye wa kuwaponza. Ule mkate wa samaki wa Eminönü, balık ekmek, mara nyingi ni uskumru, jamii ya kibua, wa barafu kutoka Norwei. Si haramu, lakini msifunge safari kwa ajili yake. Mnakuja Oktoba, nayo ni bahati: nyavu kubwa hufungwa tangu tarehe 15 Aprili hadi mwisho wa Agosti, na kuanzia Septemba huingia palamut, wa jamii ya jodari, mnofu mwekundu, mafuta tele. Levrek na çupra wako mwaka mzima kwa sababu wengi hufugwa, ulizeni "çiftlik mi, deniz mi?", wa shamba au wa bahari, kwani bei zao ni mbili tofauti. Muuzaji hupindua mashavu ya samaki yakatokeza nje, mekundu kama ua, ili mwone usafi wake. Msiishie kwenye mashavu. Jicho liwe limejaa, na kidole kikibonyeza mnofu urudi. Mama, hilo huhitaji kufundishwa nami.

Kutoka Laleli mkishuka kuelekea baharini mtakuta Kumkapı, uchochoro wa hoteli za samaki zenye wapiga ngoma. Ni mahali pa ulevi, na hata penye heshima zake hesabu hupanda hivi: samaki huuzwa kwa kilo, hamkuuliza bei, hamkumwona akipimwa; trei ya visahani ikaja, mkadhani ni ukarimu, mkachukua vitano; mwisho karatasi ikaja. Kokote mlako samaki, bei ya kilo kwanza, apimwe mbele yenu, kisha ndipo aingie jikoni. Kitu msichoagiza kikija, ulizeni "ikram mı?", ni takrima? Akisita, kirudisheni. Kome waliojazwa wali barabarani, midye dolma, kwetu Mashafii hawana tatizo la dini. Tatizo ni jua: ikiwa trei imekaa nje bila barafu, acheni.

Nyama ya nguruwe ni nadra na huandikwa wazi, domuz. Pombe ndiyo ya kuangalia. Meyhane na birahane ni za pombe kwa jina lake. Lokanta ya mchana kwa kawaida haina. Mama akitaka utulivu, tazameni kibao "aile salonu", ukumbi wa familia, aghalabu ghorofani. Na Athman, Taksim usiku, mtu usiyemjua akijifanya rafiki na kukualika kinywaji "hapo karibu" ni mtego wa zamani: kinywaji kimoja, bili ya mshahara, na mabaunsa mlangoni. Mkimaliza kula mtamiminiwa maji ya limau mkononi, kolonya. Ni manukato ya spiriti, ya kupaka tu. Bakshishi si lazima. Lokanta ya mchana acheni chenji, na penye kuhudumiwa mezani kama asilimia 10 ikiwa mmeridhika.

Kahawa si ile tungu ya kumiminwa toka kwenye dele. Sukari hutiwa kabla haijachemka, basi tajeni mapema: "sade" haina, "orta" ni wastani, "şekerli" ni tamu. Kunyweni kwanza maji yanayoletwa nayo, kahawa baadaye, na robo ya mwisho iacheni, ni machicha. Akitokea wa kuwapigia ramli kwa machicha hayo, mwambieni mna haraka.

Baklava, kitamu cha matabaka membamba ya unga na shira, ngojeni mvuke daraja la Galata, tramu ya T1 toka Laleli hadi Karaköy, kwenye duka la Güllüoğlu. Fıstıklı ni ya pistachio, cevizli ya jozi. Uma ukiingia yataka isikike ikivunjika; ikiinama kimya ni ya jana. Ipindueni kichwa chini kabla ya kuitia kinywani, upande wa shira uguse ulimi. Ya kupeleka nyumbani ombeni "kuru baklava", haina shira nyingi na hustahimili safari. Msiitie kwenye friji, siagi huganda na ukavu wote ukaharibika. Lokum ni binamu wa halua ya Amu, wanga na sukari na mkono usiochoka, ila haina samli. Mfungieni bibi kidogo, ya mawaridi, isiyo na njugu, kwa ajili ya meno yake.

Siku ya tano saa tano asubuhi nawangoja Eminönü, gati la vivuko vya Kadıköy. Ni mwendo wa kama dakika 20 tu, humo ndani chai yauzwa, na ngʼambo pana soko la samaki lenye maduka mengine yaliyo na meza na jiko. Msile kitu asubuhi hiyo zaidi ya simit moja kwa wawili.

Mwanao, Mama. Nduguyo, Athman.