Jor Bangla ni udongo, si jiwe

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa zaidi ya miaka ishirini bila kukuandikia hata mstari mmoja, lakini makala ya Jumapili iliyopita kuhusu mahekalu ya Kihindu ya Bishnupur, katika jimbo la West Bengal nchini India, imenishinda kuinyamazia. Chini ya picha kubwa ya Jor Bangla, mwandishi wako ameeleza kwamba hekalu hilo limechongwa kwa jiwe jekundu. Sivyo. Kuta zake ni za matofali, na nakshi zinazozifunika ni vigae vya udongo uliofinyangwa, ukachorwa kwa ncha kali ungali mbichi, ukaanikwa, ukachomwa tanurini.

Nadhani najua kosa lilikotoka. Hekalu jirani la Lalji, la mwaka 1658, ni la jiwe kweli: jiwe jekundu lenye vitundu, la jamii moja na moramu tunayomwaga barabarani, ambalo halikubali nakshi nyembamba. Lakini Jor Bangla, lililojengwa mwaka 1655 na mfalme Raghunath Singha wa ukoo wa Malla, ni kazi nyingine kabisa. Umbo lake ni la vibanda viwili vya kijijini vilivyoshikana ubavu kwa ubavu, kila kimoja na paa lililopinda kama lile la mianzi na nyasi, na juu ya maungio yao umesimama mnara mdogo. Nyumba ya namna hiyo Wabengali huiita bangla, na ndiko lilikotoka, kwa kupitia Waingereza, neno letu bangalo. Mwandishi wako hakuligusa hata hilo.

Kosa hili si dogo, nami nina sababu ya kusema hivyo. Mwaka 1998, nikisoma Kolkata, nilikwenda Bishnupur kwa treni, na mbele ya ukuta wa Jor Bangla nikamkuta kijana akiandika jina lake kwa ufunguo juu ya kigae kilichoonyesha mashua iliyojaa watu. Nilipomzuia alinijibu kwa upole kabisa kwamba hilo ni jiwe, ufunguo hauwezi kulifanya kitu. Wakati anasema hivyo kipande kilikwishaanguka. Nilikiokota: mkono wa mpiga makasia, mdogo kuliko punje ya mchele, ukingo wake mwekundu kama gae la mtungi uliovunjika asubuhi ileile. Mkono huo ulikuwa umevumilia masika ya zaidi ya miaka mia tatu, ukashindwa na mtu mmoja aliyeambiwa kuwa ni jiwe. Nilimkabidhi mlinzi, naye akaufunga katika karatasi bila kusema neno, na mpaka leo nikisoma habari kama yenu huiona ile karatasi. Yule kijana hakuwa mhuni. Alikuwa amepewa habari isiyo sahihi, kama mlivyowapa wasomaji wenu Jumapili.

Hata majengo yetu mnayafanyia vivyo hivyo. Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani ilijengwa kwa matumbawe na chokaa, lakini kila mnapochapisha picha yake mnaandika "magofu ya mawe" na basi. Fundi akiamini hivyo ataziba nyufa kwa saruji, unyevu na chumvi vikwame ndani, na ukuta uanze kumeguka kutoka ndani.

Naomba masahihisho yachapishwe katika ukurasa uleule, si katika kona ya matangazo madogo. Naomba pia mchapishe picha ya kigae kimoja tu cha Jor Bangla kwa ukubwa wake halisi, kando yake mkiweka rula ya shule, ili msomaji aone jinsi fundi wa mwaka 1655 alivyotia vidole, macho na makasia katika nafasi ya kiganja.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Tanga