Ukutani maneno, mdomoni maneno yaleyale

Mhariri,

Wiki jana nilikwenda siku ya wazazi katika shule ya mjukuu wangu, hapa Eastlands, tukaruhusiwa kuketi nyuma ya darasa la sayansi. Mwalimu ni kijana mwenye bidii, na projekta anaimudu. Somo lilikuwa moyo. Ukutani zikajaa aya, naye akazisoma neno kwa neno, huku pembeni katuni ya moyo wenye miguu ikitabasamu. Dakika kumi hazijaisha, watoto wanapiga miayo. Nami pia, nakiri.

Wasilaumiwe. Tangu 1974 Waingereza Alan Baddeley na Graham Hitch walipoanza kuichambua kumbukumbu ya muda mfupi, tumejua kwamba sauti ina mahali pake akilini na picha pake, na kote ni kufinyu. Maandishi huingilia machoni, lakini tunayasoma kwa sauti ya ndani. Mwalimu anaposoma yaleyale, sauti yake na ile ya mtoto zinagongana, kama abiria wa matatu ya jioni wanaong'ang'ania mlango mmoja. Mlango wa picha uko wazi, na anayeingia ni katuni.

Nilifundisha miaka 31 kwa chaki. Moyo niliuchora huku nikiongea: nyekundu damu iliyotoka mapafuni, buluu inayokwenda huko. (Ndiyo, najua damu si buluu. Kila mwaka kuna mtoto aliyeuliza.) Baadaye, kwenye mafunzo kazini, nikamsoma Allan Paivio wa Kanada, aliyeandika 1971 kwamba neno na picha huwekwa kwa njia mbili zinazoshikana, ukisahau moja, nyingine hukurudisha.

Na wazazi wenzangu, "mtoto wangu hujifunza kwa macho tu" tuiache. Mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake walipoupima utafiti wa madai hayo mwaka 2008, hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuwagawa watoto hivyo. Njia zote mbili ni za kila mtoto.

Jioni nilipasua pakiti ya unga, nikamwambia mjukuu achore huku akinieleza. Upande wa kushoto wa moyo akauweka kushoto kwa karatasi. Nikambandika mchoro kifuani, uso wa karatasi ukinitazama mimi; kushoto kwa moyo kukawa kulia kwake. Akainama, akautazama, akanyamaza kidogo.

"Babu, kumbe nimeugeuza!"

Akaomba kifutio.

Mwalimu mstaafu,
Umoja, Nairobi