Mgonjwa wa umio afundishwe kukohoa kabla ya kisu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu saratani ya umio niliisoma mara mbili. Mlieleza vizuri jinsi chakula kinavyoanza kukwama, mkaeleza dawa, mionzi na upasuaji. Neno moja nililitafuta sikulikuta: mazoezi. Naomba nafasi nilisemee, maana kwetu sisi lilikuja likiwa limechelewa.

Mume wangu aligunduliwa akiwa na miaka 61. Alianza na tibakemikali pamoja na mionzi kwa wiki 5, kisha tukaambiwa tusubiri wiki 6 mwili utulie ndipo apasuliwe. Wiki hizo 6 zinaniuma hadi leo. Hakuna aliyetueleza tuzitumieje, nasi tukafanya tulichodhani ndiyo mapenzi: alale, apumzike, asiguse kitu. Maji nilimpelekea kitandani. Hata kwenda kuoga nilimshika mkono. Mtu aliyeanza matibabu akipanda ngazi bila kufikiri, siku ya kulazwa alisimama mara mbili kabla ya kufika ghorofa ya kwanza, kashikilia reli, anatafuta pumzi.

Upasuaji wenyewe ni mzito. Walimfungua tumbo, kisha wakamfungua kifua upande wa kulia, katikati ya mbavu. Pafu la upande huo lilitolewa hewa likanywea ili wapate nafasi. Sehemu kubwa ya umio ikaondolewa, mfuko wa chakula ukatengenezwa kama bomba jembamba na kuvutwa juu hadi kifuani uzibe pengo. Mtu anazinduka ana jeraha tumboni na jeraha ubavuni, ana mpira kifuani, mpira puani, mpira wa mkojo, na kila akitaka kuvuta pumzi ndefu maumivu yanamkataza. Basi anapumua juu juu. Sehemu za chini za mapafu hazifunguki, kohozi linatuama, na nimonia hupata pa kuanzia.

Asubuhi iliyofuata alikuja kijana wa tiba ya viungo. Mpole, na sina lawama naye hata kidogo. Alikunja taulo akamwekea juu ya mshono. "Baba, likumbatie hili kwa nguvu, halafu ukohoe. Mshono hautafumuka." Mume wangu akatikisa kichwa kukataa. Kijana akamwonyesha njia nyingine: fungua mdomo, sukuma pumzi nje, "haa", kama mtu anayetaka kutia ukungu kwenye kioo. Ukifanya hivyo mara mbili tatu, kohozi linapanda mpaka mahali ambapo kikohozi kidogo tu kinalitoa. Mimi nilielewa papo hapo, maana nilikuwa mzima. Yeye, kwa zile dawa za maumivu, alikuwa akisinzia huku anasemeshwa. Alitoa "haa" moja, dhaifu, akafumba macho.

Nilisimama pale miguuni pa kitanda nikawaza: jambo hili la dakika chache, mbona hatukufundishwa wiki 6 zilizopita, alipokuwa amekaa mbele yangu hana mshono wala mpira?

Siku ya nne homa ilipanda, kohozi likabadilika rangi, akarudishwa chumba cha wagonjwa mahututi. Alikaa huko siku 9.

Sidai kwamba mazoezi yangeizuia nimonia ile. Mwanangu alinitafutia tafiti akanisomea, na ukweli una pande zake. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa Australia na New Zealand wa wagonjwa 441 waliokuwa wakisubiri upasuaji wa sehemu ya juu ya tumbo. Wote walipewa kijitabu, lakini kundi moja liliongezewa dakika 30 za kukaa na mtaalamu wa tiba ya viungo, likafundishwa kupumua kwa kina na kukohoa, na kuambiwa lianze lenyewe mara tu likizinduka. Waliopata matatizo ya mapafu walikuwa 12 katika kila 100 kwenye kundi hilo, na 27 kwenye kundi la kijitabu peke yake. Mwaka huohuo wataalamu wa Uholanzi na wenzao waliwafanyisha mazoezi wagonjwa wa umio hasa, kabla ya upasuaji, kwa kifaa cha kuvutia pumzi chenye ukinzani. Misuli ya kupumua ilipata nguvu, ila nimonia haikupungua. Kwa hiyo siombi kila mtu apewe kifaa. Naomba zile dakika 30, na mtu wa kutuambia kwamba wakati wa kusubiri mgonjwa atembee kila siku kadiri anavyoweza.

Nikirudi kwa mume wangu, kazi ya kumwinua kitandani ilikuwa ya hatua kwa hatua. Kwanza kukaa ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, huku muuguzi akipima presha, kwa sababu dawa ya maumivu iliyokuwa ikipitia mgongoni hushusha presha na mtu akisimama ghafla anaweza kuanguka. Kisha hatua 7 hadi kwenye kiti, watu watatu wamebeba mipira yake. Ndugu waliokuja kumjulia hali walitaka kumlaza chali apumzike, kijana akawazuia. Yule mlango wa chini ya umio unaozuia chakula kisirudi juu haupo tena, kwa hiyo mgonjwa wa upasuaji huu hulala ameinuliwa kichwa na kifua, na hafanyi mazoezi wala kuinama tumbo likiwa limejaa.

Tuliporuhusiwa tulipewa tarehe ya kumwona daktari wa upasuaji. Ya tiba ya viungo hatukupewa. Mwezi wa pili nikagundua hawezi kuvua shati mwenyewe. Alikuwa anautunza ubavu wenye mshono kwa kuubana mkono, bega la kulia likakaza. Nilimtafuta mtaalamu mwenyewe. Akamfundisha kusimama mbele ya ukuta na kupandisha vidole taratibu, kama buibui, hadi bega liseme basi. Kila jioni niliweka alama kwa penseli pale vidole vilipofika. Alama ya kwanza iko usawa wa kidevu chake. Ya juu kabisa, ya wiki ya 11, siifikii bila kupanda kigoda, na ukuta ule nimekataa usipakwe rangi.

Ombi langu kwa madaktari ni hili: siku mnayoandika kwenye faili kwamba mgonjwa atapasuliwa, andikeni hapohapo na jina la atakayemfundisha kupumua, kukohoa na kutembea, tena familia iwepo inapofundishwa. Sisi ndio tunaokaa naye usiku, na sisi ndio tunaomlaza kwa huruma.

Na wewe msomaji ambaye ndugu yako bado anasubiri tarehe, usitoke chumba cha daktari kabla hujamuuliza nani atamfundisha kukohoa, na lini.

Mke wa mgonjwa